Barabara ya Pinga Haipimwi kwa Magari

Kutoka Goma hadi Pinga ni kilomita 150 hivi. Njia inapita Sake, inapanda milima ya malisho ya Masisi hadi Kitshanga, inaendelea Mweso na Kalembe, halafu inashika msitu. Mji wenyewe umekaa juu ya mpaka wa kiutawala: sehemu moja ni ya wilaya ya Masisi, nyingine ni ya Walikale. Kwa mchuuzi wa sokoni mpaka huo si kitu, lakini kwa anayepanga barabara ni taabu ya kwanza, maana faili la mji mmoja limegawanyika kwenye ofisi mbili. Tena Walikale peke yake ina kilomita za mraba 23,475, karibu mafungu mawili kwa matano ya mkoa mzima wa Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo. Taabu ya pili ni kubwa zaidi na haionekani upesi. Mhandisi au mfadhili akitaka kujua kama barabara hii inastahili fedha, huuliza kwanza magari mangapi hupita kwa siku. Jibu huwa ni machache mno, na yako majira ambapo hakuna hata moja. Hapo barabara imekwisha kuhukumiwa. Ninavyoona mimi, hukumu hiyo ni ya makosa kwa sababu swali lenyewe haliwafai watu wa Pinga. Takwimu za njia kama hii zinapaswa kuhesabu watu, mizigo na siku za kukwama, na wa kuzikusanya ni wakaao kando ya njia.

Tuangalie kwanza kazi hii inavyofanywa kwingine, kwa kuwa utaratibu wake si wa kijinga. Watu huketi kando ya barabara na karatasi, mara nyingi kwa siku saba mfululizo, wakati wa kiangazi na tena wakati wa mvua, wakitia alama kwa kila basi, lori na pikipiki. Kwenye barabara kuu kifaa cha umeme hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Mizani hupima uzito ulio juu ya kila ekseli, kwa maana lori lililozidisha mzigo huiumiza lami kuliko maelfu ya magari madogo. Chombo kingine hupima mtikisiko wa gari na kutoa namba inayoonyesha barabara imekwaruzika kiasi gani, kipimo kilichotokana na majaribio ya kimataifa yaliyofanyika Brazil mwaka 1982. Yote hayo huingizwa kwenye programu, maarufu zaidi ikiwa HDM-4, nayo hukokotoa dizeli, matairi, vipuri na saa ambazo kila gari litaokoa barabara ikitengenezwa. Akiba ya gari moja huzidishwa kwa idadi ya magari, kisha hulinganishwa na gharama ya ujenzi. Kati ya Mombasa na Nairobi hesabu hiyo husema kweli, kwa kuwa karibu kila kinachopita barabarani kimo ndani ya gari. Benki ya Dunia iliona kwamba haifai kwa njia za magari machache, ikatunga chombo kingine kiitwacho RED kwa barabara zenye magari kati ya 50 na 200 hivi kwa siku. Hata chombo hicho cha wanyonge kinaanzia mahali ambapo Pinga haijafika.

Matokeo yake ni mzunguko usio na mlango. Njia mbovu hufukuza magari. Uchache wa magari huchukuliwa kuwa ushahidi kwamba njia haihitajiki. Kwa kuwa haihitajiki haitengenezwi, na mwaka unaofuata magari hupungua tena. Anayesoma karatasi Kinshasa huona eneo lisilo na safari. Kumbe safari zipo tele: mihogo, ndizi, maharagwe na mawese vinatembea mgongoni kwa kamba iliyokazwa kwenye paji la uso, kichwani, na juu ya pikipiki zinazosukumwa na watu wawili au watatu pale potopoto inapomeza magurudumu. Mizigo hiyo ndiyo uchumi wa eneo, lakini kwenye fomu ya kuhesabu magari haina kisanduku.

Walikale imekwisha kutoa mfano mkubwa wa upofu huo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kasiteriti, jiwe linalotoa bati, iligunduliwa Bisie, katikati ya msitu. Barabara haikuwapo. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 kwa miguu, makumi ya kilomita, hadi Njingala. Kutoka huko mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha barabara ya lami na kuuchukua hadi Goma. Kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya kasiteriti ya Kivu Kaskazini ilisafiri hivyo, ikaishia kwenye viwanda vya vifaa vya umeme vya dunia. Kama mtu angewekwa Sake wakati huo kuhesabu magari yanayotoka Walikale, daftari lake lingesema kwamba Walikale haizalishi kitu. Lami iliyowekwa kwa ajili ya malori ilikuwa inatumiwa na ndege, na sidhani kama iko fomu ya hesabu ya barabara popote duniani inayouliza ndege ngapi zimepita.

Afrika Mashariki ililiona tatizo hili zamani. Katika miaka ya 1980, huko Makete, kusini mwa Tanzania, mradi wa usafiri vijijini uliosaidiwa na Shirika la Kazi Duniani haukuanza na magari. Watafiti waliingia majumbani wakauliza nani anabeba nini, kutoka wapi, kwenda wapi, kwa saa ngapi. Ikadhihirika kwamba safari nyingi hazikugusa barabara hata kidogo. Zilikuwa za kisimani, za kuni, za shambani na za mashine ya kusaga, na mzigo wake mkubwa ulikuwa juu ya vichwa vya wanawake. Kwa hiyo mradi haukuishia kwenye barabara za magari. Ulitengeneza vijia na vivuko vya miguu, ukajaribu punda, ukazisogeza mashine za kusaga karibu na watu. Namna hiyo ya kupanga, inayoanza na hitaji la kaya, ilichukuliwa baadaye na nchi nyingine za Afrika na Asia. Makete si Pinga. Huko hakukuwa na vita wala machimbo ya bati. Hata hivyo ilionyesha jambo ambalo wapangaji husahau kila kizazi, kwamba ukibadili unachohesabu unaweza kubadili hata unachojenga. Huenda hesabu ya namna hiyo ikaonyesha kwamba Pinga, kabla ya kilomita 20 za changarawe, inahitaji madaraja matatu ya kupitisha pikipiki na watu. Huenda ikaonyesha kinyume. Bila kuhesabu, anayepata daraja ni mwenye sauti kubwa.

Basi kihesabiwe nini? Mimi ningeanza na siku za kufungika. Umoja wa Mataifa una kipimo cha maendeleo kinachouliza ni sehemu gani ya watu wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita mbili kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Kipimo ni kizuri, lakini kinadhani kwamba yuko mtu anayejua njia ipi inapitika mwaka mzima. Mvua ya Walikale haifuati kalenda ya kiangazi na masika kama ya Dodoma. Njia inaweza kufunguka Jumatatu na kuziba Jumatano. Kwa hiyo kinachotakiwa ni daftari la kila siku lenye maswali matatu tu: leo lori la Fuso limepita, pikipiki imepita, mtu wa miguu amepita? Baada ya mwaka kuna mistari 365 kwa kila kituo, na mistari hiyo itamweleza mhandisi zaidi ya ripoti nene ya mtaalamu aliyekuja na gari la magurudumu manne mwezi wa ukame akaondoka kabla ya mvua. Itamwonyesha pia palipo na ugonjwa. Ikiwa njia yote inaziba kwa sababu ya mteremko mmoja wa udongo mwekundu au kalavati moja lililoziba, hakuna haja ya kuchimbua kilomita zote.

La pili ni bei ya kubeba gunia. Nauli ya gunia moja kutoka Kalembe hadi Pinga ina habari nyingi ndani yake: urefu wa njia, hali ya potopoto, bei ya petroli, pesa zinazoachwa kwenye barieri, yaani vizuizi vya barabarani, na hofu ya anayebeba. Nauli ikipanda wiki moja huku petroli haijapanda, jambo limetokea njiani na linafaa kufuatiliwa. Vivyo hivyo tofauti ya bei ya chumvi, sabuni au mafuta ya taa kati ya Goma na Pinga. Mchumi anaweza kuisoma tofauti hiyo kama kodi ambayo wakazi hulipa kwa kukosa njia, na ni kodi wanayolipa hata wasiosafiri. Hapa ndipo hoja ya magari machache inapoanguka, kwa sababu faida ya kutengeneza njia haimgusi dereva peke yake. Inaingia jikoni kwa mtu ambaye hajawahi kupanda gari.

Kisha madaraja. Barabara ya kilomita mia yenye daraja moja lililooza inaishia darajani. Kila daraja la magogo linahitaji karatasi yake: lilijengwa lini, limebadilishwa magogo lini, linastahimili tani ngapi, na likianguka watu wanazungukia wapi. Na mwisho muda wa kufika hospitalini. Mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi, akibebwa kwenye kipoyi kutoka kijiji cha msituni, anatumia saa ngapi hadi hospitali kuu ya Pinga? Vituo vya afya huandika kijiji anakotoka mgonjwa. Kuongeza safu moja ya saa alizosafiri na chombo alichokuja nacho hakuhitaji mradi mpya, kunahitaji kalamu.

Kongo inaianza kazi hii ikiwa nyuma sana. Takwimu rasmi husema nchi ina kilomita 152,400 za barabara: 58,129 chini ya Office des Routes (ofisi ya serikali ya barabara), 86,871 za kuhudumia kilimo, na 7,400 za mijini. Namba hizo zimenakiliwa kutoka ripoti hadi ripoti kwa miaka mingi, bila kutikisika hata kwa kilomita moja, huku msitu ukiendelea kula njia na magari yakichonga nyingine. Sensa ya mwisho ya watu ilifanyika mwaka 1984. Aliyezaliwa mwaka huo ana umri wa kuwa na wajukuu karibuni, na nchi bado haijamhesabu tena. Wapangaji wengine hutumia daftari la wapiga kura kama kibadala, lakini Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika Masisi na Rutshuru kwa sababu ya vita, ilhali Walikale ilipiga kura. Kwa mji uliokaa mpakani kama Pinga, kibadala hicho ni kama kumpima mtu urefu akiwa amesimama kwa mguu mmoja ndani ya shimo. Kenya nayo ilikuwa na pengo, ingawa dogo. Kabla ya uhakiki mkubwa uliofanyika mwishoni mwa muongo wa 2000, barabara zilizotambuliwa rasmi zilikuwa kilomita 60,000 na kitu. Wahesabuji walipomaliza, mtandao wote ulionekana kuwa karibu kilomita 161,000. Maelfu ya njia ambazo watu walizitumia kila siku hazikuwa zimeainishwa rasmi, na ni vigumu kuitengea fedha barabara ambayo haimo kwenye orodha. Kenya ilihesabu ikapata zaidi ya ilizodhani. Kongo ikihesabu, nashuku, itapata chache kuliko ilizoandika.

Lakini tusidanganyane kwamba hakuna anayejua kinachopita. Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya Ubelgiji iitwayo IPIS ilichapisha uchunguzi wa Peer Schouten, Janvier Murairi na Saidi Kubuya kuhusu barieri za Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walipata karibu 800. Nyingi zilikuwa na watu wenye silaha, wakiwemo askari wa serikali na wapiganaji wa makundi, na lengo kubwa lilikuwa kutoza wapitao: mfanyabiashara, mkulima anayetoka shambani, mwenye pikipiki. Ukitazama kwa jicho la mpangaji, barieri ni kituo cha kuhesabia kisichofungwa. Anayeketi pale anajua makaa huongezeka siku gani, soko lipi limekufa, gunia la maharagwe linatoka upande gani baada ya mavuno. Barieri hufuata biashara. Biashara ikihama njia, nazo huhama. Hebu tafakari ajabu hiyo: mwenye bunduki ana habari za usafiri zilizo sahihi kuliko wizara, kwa sababu riziki yake inategemea usahihi huo, na mshahara wa mpangaji hautegemei.

Na wakati mmoja hesabu kama hiyo ilifanywa kwa nia njema. Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, na hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Vituo vya kupima joto na kunawa mikono viliwekwa barabarani, na mamilioni ya wasafiri wakapita mbele ya watu wenye madaftari. Agosti 2019 ugonjwa ulithibitishwa Pinga, mbali na Beni, Butembo na Mangina ulikokuwa umeshika mizizi. Virusi havikuhitaji lami. Waliofuatilia mlipuko ilibidi wajue haraka watu husafiri kwa njia zipi, kwa pikipiki za wapi, wakilala wapi njiani. Hayo ni maswali yaleyale ya mpangaji wa barabara, ila safari hii yaliulizwa kwa sababu kifo kilikuwa kinatembea. Kilichokusanywa kilitumika kwa dharura, na dharura ilipokwisha hakikugeuzwa kuwa daftari la kudumu la usafiri wa mkoa. Kila shirika huja na fomu zake, huondoka nazo, na linalofuata huanza ukurasa wa kwanza.

Ndiyo maana nasema kazi hii iwe ya wakazi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwenye njia nyingi za Kongo zimekuwapo kamati za vijiji za kutunza barabara, zinazojulikana kwa kifupi cha CLER, ambazo hulipwa kusafisha mitaro na kufukia mashimo kwa jembe na koleo. Mtu anayesafisha mtaro tayari yuko njiani kila wiki. Kumpa daftari na malipo madogo ya kulijaza ni nyongeza ndogo. Office des Routes pia ina desturi ya barieri za mvua, zinazofungwa ili malori yasiingie wakati njia imelowa. Mlinzi wa barieri hiyo anapoandika saa ya kufunga na ya kufungua, anatoa takwimu bora kabisa ya hali ya barabara. Vyama vya waendesha pikipiki vinajua nauli za kila kipande cha njia. Na teknolojia si kizuizi tena. Nairobi, kati ya mwaka 2012 na 2014, vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Columbia na MIT walipanda matatu wakiwa na simu, wakachora zaidi ya njia 130 ambazo hazikuwahi kuwa na ramani moja. Hawakungoja vifaa vya mamilioni. Pinga haina mtandao wa simu wa kutegemewa kama Nairobi, lakini programu za kukusanya takwimu siku hizi huhifadhi majibu ndani ya simu hadi mtandao upatikane, na pale simu isipofaa, karatasi inafaa.

Msomaji atauliza: katikati ya vita, takwimu za barabara ni za nini? Swali ni la haki. Kitshanga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2023, Kalembe Oktoba 2024, Masisi na Goma Januari 2025, na Machi mwaka huohuo wapiganaji wao wakaingia mji wa Walikale kabla ya kuondoka wiki chache baadaye. Njia ya Goma hadi Pinga imekatwa vipandevipande na mistari ya mapigano, na hapo kabla Pinga ilikwisha kupiganiwa na makundi mengine, mara nyingi. Kwa nini kuandika leo kitu kitakachobadilika kesho? Jibu langu ni kwamba barabara hazijengwi wakati wa mapigano, hujengwa katika miezi ya haraka baada yake, pale fedha zinapofika kabla ya fikra. Baada ya mwaka 2009, chini ya mpango wa kuleta utulivu mashariki, barabara kadhaa zilifunguliwa, Sake hadi Masisi ikiwa mojawapo. Zilichaguliwa kwanza kwa macho ya usalama, ili askari na utawala wafike. Kazi yenyewe ilifanyika. Kilichokosekana ni matunzo, na mvua ikarudisha mashimo. Kama pangekuwa na kumbukumbu ya nani anatumia njia, ni wapi huziba na nani wa kuitunza, fedha zingegawanywa kwa namna nyingine kati ya kufungua na kutunza. Tena vita vyenyewe vinatoa sababu ya kuwategemea wakazi. Agosti 2013 Médecins Sans Frontières walilazimika kusimamisha kazi Pinga kwa sababu ya vitisho. Mgeni akiondoka, takwimu zake hukatika siku hiyo. Anayekimbilia msituni na kurudi baada ya wiki mbili anaweza kulifungua daftari lake upya, na hata pengo la wiki mbili ni habari.

Pingamizi linalonipa taabu zaidi ni jingine: takwimu zinaweza kuua. Ukiandika kwamba Ijumaa magunia mia hupita njia fulani, umemwandikia mwenye bunduki ratiba ya kutoza. Ukiweka jina la mhesabuji hadharani, umemweka shabaha. Sikubali jibu jepesi la kwamba wenye silaha wanajua tayari. Wanajua ya barieri yao. Ramani ya mkoa mzima hawana, na si kazi ya serikali kuwachorea. Hivyo takwimu zigawanywe tangu mwanzo. Hali ya njia, madaraja, siku za kufungika na muda wa kufika hospitalini ni mambo ya kutangazwa hata redioni, kwa kuwa humsaidia kila msafiri. Wingi wa mizigo, aina zake na siku zake vitolewe kwa jumla ya miezi, baada ya muda kupita, bila jina la kijiji wala la mtu. Pesa zinazotozwa kwenye barieri zikusanywe na watafiti waliozoea hatari hiyo, si na mkulima mwenye koleo. Na mahali ambapo daftari lenyewe linahatarisha uhai, lisiwepo. Njia isiyo na takwimu kwa mwaka mmoja si msiba mkubwa kama kifo cha mtu.

Kuhusu wanaosema setilaiti zitatumalizia kazi yote, nitakuwa mfupi. Picha za angani zimesaidia sana: wachoraji wa kujitolea wa OpenStreetMap wamechora njia na vijiji vya mashariki ya Kongo ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote iliyopatikana kwa umma. Lakini juu ya Walikale kuna mawingu, chini ya mawingu kuna miti, na chini ya miti kuna daraja ambalo hakuna kamera ya angani itakayokuambia kama gogo lake la katikati limeoza.

Inabaki gharama, pamoja na uchovu wa watu waliohojiwa mara nyingi wasione hata toroli la changarawe. Marekani ilikabiliana na suala la gharama mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Sheria ya mwaka huo iliruhusu majimbo kutumia hadi asilimia 1.5 ya fedha za barabara kutoka serikali kuu kwa ajili ya uchunguzi na mipango, na hapo ndipo hesabu zao za barabara za nchi nzima zilipopata miguu. Kongo inao mfuko wa matunzo ya barabara, FONER, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kujazwa na tozo ya mafuta na ada za barabarani. Fungu la kiasi hicho, au hata nusu yake, likitengwa kwa madaftari ya njia za vijijini, lingewalipa wahesabuji wengi, maana gharama yake ni posho, karatasi na simu, si tingatinga. Uchovu wa watu una dawa yake pia. Wanaotoa majibu waonyeshwe majibu. Ubao sokoni Pinga ukionyesha kila mwezi siku ambazo njia ya Kalembe ilifungwa na daraja lililotengenezwa, mwanakijiji ataona jibu lake limefika, na akiona limedanganywa atasema. Hesabu inayoweza kukosolewa na aliyehesabiwa huwa ngumu kuchakachua.

Naielekeza hoja hii kwa wanaokalia mafaili ya Masisi na Walikale, kwa Office des Routes na kwa FONER: wasingoje amani kamili, wala mfadhili, wala sensa. Waanze na vituo vichache ambapo wakazi wenyewe wanasema inawezekana kuandika bila hatari, kwa maswali yale matatu ya kila siku, na wasikubali tena mradi wowote wa barabara ya Pinga unaoletwa mezani ukiwa na idadi ya magari peke yake.